Mwanamke Aliyetambulisha Friji Kabla ya Wajomba

Taarifa ya kifo chake ilinikuta sokoni Mpanda, nikibishana na muuza dagaa juu ya kitu nisichokijua, yaani dagaa. Dereva wa bajaji aliyekuwa akisubiri abiria alituambia, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yule mama wa maturubai ametangulia. Alikuwa akiumwa kwa muda, amefariki alfajiri nyumbani kwake, na maziko ni baada ya adhuhuri. Muuza dagaa akaacha kunicheka. Alinifungia kipimo changu, akaongeza kiganja kizima juu yake, kisha akasema kwamba mama huyo ndiye aliyefunga turubai kwenye harusi yake, kwenye msiba wa baba yake na kwenye akika ya mtoto wake wa kwanza. Nilisimama pale na mfuko wangu nikajaribu kukumbuka shughuli yoyote ya maana katika mji huu ambayo marehemu hakuwepo. Sikuipata. Hata zile nilizozisahau, nadhani nilizisahau nikiwa chini ya turubai lake.

Kwa wasomaji wa safu hii walio mbali na Katavi, niseme kidogo alikuwa nani. Mama yake alikuwa mtu wa Tabora, baba yake mtu wa Ujiji, na yeye mwenyewe, kama wengi wetu hapa, alikuwa mtu wa pale reli inapoishia. Alikodisha maturubai, viti, masufuria makubwa na spika, lakini biashara iliyokuwa moyoni mwake ni jenereta. Hakuwa mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu misiba yetu ina tabia ya kuwageuza watu wote kuwa wapole. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili ya barabara hata kama mtu huyo amekaa naye meza moja. Katika vikao vya kamati za harusi, ambako mimi huwekwa mwenyekiti kwa imani potofu kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu anaweza kufupisha kikao, yeye hakujali kabisa wageni ni wangapi. Alisubiri tumalize kugombana kuhusu kuku na soda, kisha akauliza swali lake lile lile: wageni wanakuja na nini cha kuchomeka? Tukijibu kwamba hatujui, alituambia basi hatujui tunamwalika nani.

Tulimcheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mkoa huu uliishi kwa jenereta kwa miaka mingi kabla ya nguzo kubwa za umeme kutufikia, na mpaka leo viko vitongoji ambako mashine ile ndogo yenye mkono wa kubebea ndiyo umeme wote uliopo. Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kumkirimu mgeni, na mgeni wa siku hizi haji na njaa peke yake. Anakuja na simu iliyokufa chaji. Anakuja na pasi, kwa kuwa shati limejikunja kwenye bodaboda. Mwenyeji gani atamwambia mgeni aondoe waya wake ukutani? Kumnyima chaji siku hizi ni sawa na kumnyima maji ya kunywa. Kwa hiyo kila mtu anachomeka, hakuna anayekatazwa, taa zinaanza kufifia, mashine inaguguma kama mtu aliyebebeshwa gunia la tatu, na wenyeji wanatabasamu.

Nililiona hilo kwa macho yangu miaka kadhaa iliyopita huko Kasekese, siku ambayo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikwenda na ukoo wake kwenye sherehe ambayo wazazi wa mchumba wake walimuaga binti yao kabla ya harusi. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu kadhaa na mahitimisho mawili, endapo la kwanza lisingetosha. Baba wa binti alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo, mtu mrefu, mnyamavu, ambaye wazazi wake waliingia nchini wakikimbia kutoka Burundi, na ambaye uraia aliupata akiwa tayari ana watoto. Aliukodi mtambo mzima wa mama wetu: turubai, viti, spika na jenereta. Asubuhi, kabla wageni hawajajaa, nilimsikia akimpa mama huyo agizo moja tu. Alilisema polepole, kwa ile lafudhi ya nyumbani kwao inayolainisha maneno.

“Mama, baba yangu alikuwa mgeni hapa mpaka amekufa. Mimi nimezaliwa naitwa mgeni. Leo ndiyo mara ya kwanza mimi ni mwenyeji. Mtu yeyote asiambiwe hapana nyumbani kwangu.”

Mama alimtazama, kisha akaitazama ile mashine yake, kisha akasema sawa, ila mashine itakaa mahali atakapochagua yeye mwenyewe. Aliipeleka mbali, ng'ambo ya jiko, pembeni mwa shamba la mihogo, akageuza bomba la moshi likatazama shamba na upepo ukautoa moshi nje ya ua. Alikunjua waya wote ukalala chini ukiwa umenyooka, maana alikuwa hapendi waya uliozungushwa kwenye kigurudumu chake wakati unafanya kazi. Alisema unajipika wenyewe. Petroli akaiweka mbali zaidi, kivulini, akatangaza kwamba atakayejaza tangi mashine ikiwa inawaka atamkata masikio. Ilikuwa kazi safi. Kisha wageni wakaanza kuchomeka.

Kwaya zilikuwa mbili, kila moja na kinanda chake na spika zake, kwa sababu ya mashindano ambayo watu wa makanisa yote mawili waliapa kwamba hayapo. Palikuwa na friji la soda lililoazimwa dukani. Ndani ya nyumba msusi aliyetoka Mpanda alikuwa na mashine yake ya kukaushia nywele, anamwandaa bibi harusi. Mtu mmoja, sitamtaja, alileta jagi la umeme ili mchungaji apate chai ya moto. Na simu, wasomaji wangu, simu zilining'inia kwenye soketi kama popo. Kila jagi lilipowashwa kinanda kilishuka sauti, na waimbaji wakashuka nacho. Mama alipita akichomoa. Nyuma yake baba wa binti alipita akiomba radhi na kuchomeka tena. Mwishowe alimvuta pembeni na kumwambia kwamba anamvunjia heshima mbele ya wakwe. Mama akaachana na soketi, akaenda kukaza kamba za turubai kwa sababu mawingu yalikuwa yameshafunga.

Mvua ilishuka kwaya ya pili ikiwa katikati ya wimbo. Hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo hata mimi ningeweza kulifanya, kwani lilitokana na adabu. Kwao, na kwetu pia, kitu cha kuazima hakiachwi kinyeshewe. Wajomba wawili wa bibi harusi walipoiona jenereta ya watu inapigwa na mvua walikimbia, wakaibeba ikiwa inanguruma, waya zikiburuzika nyuma, kwa kuwa waliona aibu kukatiza wimbo. Wakaiingiza stoo ya mahindi na kufunga mlango ili isirushiwe maji. Ukuta wa stoo ile haukufika juu. Nafasi chini ya bati ilikuwa wazi mpaka chumba cha pili, na chumba cha pili ndimo alimokuwa bibi harusi, na msusi, na shangazi yake, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya mvua hiyo hiyo.

Sisi tuliokuwa chini ya turubai tulifurahi kwamba muziki haukukatika. Mama wa maturubai alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha, na nikamwona anakiinua. Baadaye aliniambia kwamba mlio wa mashine ulikuwa umebadilika, ukawa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Aliiachia kamba, kona ya turubai ikatumwagia maji yote iliyokuwa imeyakusanya, sehemu kubwa ikaishia kwenye hotuba yangu. Akakimbia. Sikujua mtu wa umbo lile anaweza kukimbia hivyo. Alivunja mlango wa stoo kwa bega, akazima mashine, akaingia chumba cha pili na kutoka amemshika bibi harusi kwapani, gauni likifagia matope, akipiga kelele shangazi na msusi watolewe haraka, wakae nje, mvuani, popote penye hewa.

Bibi harusi alikuwa amelalamika kichwa kinamuuma na miguu mizito, na shangazi yake akamwambia ni machozi ya kuagwa na kilemba kilichobana. Shangazi mwenyewe alikuwa ameanza kusinzia kwenye kiti. Huo ndio ubaya wa moshi wa injini: ndani yake mna hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu anayeivuta hudhani amechoka tu. Binti alitapika, akalia, akaanza kupumua vizuri. Muuguzi aliyekuwa miongoni mwa wageni wa upande wetu hakukubali maneno ya kwamba wameshapona. Aliwapakia wote watatu kwenye gari la bwana harusi na kuwapeleka kituo cha afya wakaangaliwe, na tukabaki chini ya turubai lililoinama, bila muziki, bila bibi harusi, tukitazamana.

Baba wa binti alikaa kwenye kreti la soda karibu na jiko. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Wajomba wawili walisimama mbali naye kama wafungwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msemaji, nilisukumwa niende nikaseme kitu. Nikaenda, nikagundua kwamba katika sehemu zote za hotuba yangu hakuna hata moja iliyofaa. Nilikaa tu kwenye kreti la pili. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba ameita watu wale kwake halafu akataka kuwaua. Watasema ndio hao, alisema, hawajui kukaa na watu. Nikaelewa kwamba mtu huyu hakuwa analilia sherehe. Alikuwa anaiona siku yake moja ya uenyeji ikigeuka ushahidi dhidi yake na wanawe.

Mama wa maturubai alikuwa amesimama nyuma yetu, nguo zimelowa chapachapa. Nilitegemea amkaripie, alikuwa na haki hiyo. Akamwambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: “Baba, hao shemeji zako wameikinga mvua mali yangu kabla hawajajikinga wenyewe. Nani kasema hamjui kukaa na watu? Nyie mnajua sana. Kilichopungua ni utaratibu, na utaratibu ninao mimi.”

Gari liliporudi, bibi harusi akiwa ameshuka kwa miguu yake mwenyewe na shangazi akiulizia chakula, mvua ilikuwa imekatika. Jenereta ilikuwa imerudishwa pale pale pembeni mwa mihogo, imepoa na kufutwa ikakauka. Juu yake wajomba walikuwa wamesimamisha miti minne na bati moja, pande zote wazi. Mama alipanda juu ya kreti. Spika zilikuwa zimezimwa, naye hakuzihitaji.

“Ndugu wa pande zote mbili,” alisema, “mwenye nyumba ameagiza kwamba hakuna cha mgeni kitakachokataliwa hapa leo. Mimi sipingani na mwenye nyumba. Kila kifaa kitaingia. Lakini nyie wenyewe mnajua, ndugu hawaingii wote kwa pamoja, wanatambulishwa. Basi tutatambulisha vifaa. Mzito anatangulia. Anayeitwa anasimama, akimaliza anakaa. Friji, simama.”

Watu walichelewa kidogo kuelewa, kisha wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Mwenye friji alisimama kweli, akapunga mkono kama mjomba mkubwa, friji likachomekwa kwanza, maana friji na kila chenye mota hudai nguvu nyingi pale kinapoanza, kisha hutulia. Zikafuata spika na kinanda, kimoja, cha kwaya itakayoimba; kwaya nyingine ingesimama hiyo ikikaa. Msusi aliambiwa mashine yake itaitwa friji likipumzishwa. Mama akauliza jagi la umeme ni la ukoo gani. Wakanyoosha kidole kwa mchungaji.

“Mchungaji, jagi lako linakula kuliko kwaya nzima. Unataka chai au unataka nyimbo?”

Mchungaji akajibu kwamba ameoa muda mrefu, amezoea kusubiri. Simu zikapewa muda wao, kwa zamu, wakati wa chakula. Mama akasema mashine ina kipimo chake kilichoandikwa ubavuni, na mtu mwenye akili haifikishi pale, anaiachia pumzi. Halafu macho yake yakaniangukia mimi na karatasi zangu zilizolowa. Akauliza msemaji wa bwana harusi anatumia umeme kiasi gani. Mtu wa ukoo wangu mwenyewe akajibu kwamba umeme hatumii, anatumia uhai wa watu. Niliongea mwisho, bila kipaza sauti, maneno machache niliyoyakumbuka, na dada yangu mpaka leo anasema ndiyo hotuba yangu pekee iliyowahi kumliza.

Baada ya siku ile, utambulisho wa vifaa ulianza kutembea. Nimeukuta Sitalike, kwenye harusi ya mfanyakazi wa hifadhi, mshereheshaji akiita friji kabla ya wajomba na wajomba wakinung'unika kwa utani. Nimeukuta kwenye vijiji ambako hawajui ulikotoka na wanadhani ni mila ya mababu. Kasekese kwenyewe, kabla ya sherehe wanasimamisha kwanza kile kibanda cha bati kisicho na ukuta, mbali na milango na madirisha, ndipo wanachimba mashimo ya turubai. Nguzo za umeme zilipoongezeka mjini, watu wakamwambia mama biashara yake imekufa. Aliwajibu kwamba umeme wa nguzo nao ni mgeni, unakuja na kuondoka bila kuaga. Wapo waliotaka awaungie jenereta kwenye nyumba kwa njia ya mkato, kwa waya wenye meno pande zote mbili, upande mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye soketi ya ukutani. Aliukata waya wa namna hiyo kwa koleo mbele ya mwenyewe, mtu mwenye cheo, na kumweleza kwamba umeme wake ungetoka nyumbani na kupanda mpaka kwenye nguzo, na juu ya nguzo huenda kuna mtoto wa mtu ameambiwa laini imezimwa. Akamtaka amwite fundi amfungie swichi ya kubadilisha, inayoitenga nyumba na nguzo. Yule bwana alikasirika kwa muda, kisha akamwita fundi.

Nimekuwa nikifikiri juu ya hayo tangu tulipotoka makaburini. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na tunausema kana kwamba kupona huko kutakuja kwenyewe. Tazama ofisi zetu, ambako mtu mmoja anayejua kazi hukubali faili la kila anayegonga mlango, mpaka siku anapozimika, nasi tunashangaa. Tazama koo zetu, na yule ndugu mmoja mwenye mshahara. Nitazame hata mimi, niliyekubali uenyekiti wa kamati ambazo sikumbuki majina ya maharusi wake. Tunaona kukataa ni ukatili, basi tunakubali yote kwa pamoja na kumwacha mwenye kubeba agugume peke yake. Mama wa maturubai hakuamini katika kukataa wala katika kukubali kila kitu. Aliamini katika zamu, na katika mtu mmoja mwenye ujasiri wa kuitangaza kwa sauti.

Matangani kwake, siku ya pili, umeme wa nguzo uliondoka mchana, kwa desturi yake. Watoto wake, waliokuwa hawajalala, waliwasha jenereta uani, mahali ambapo marehemu mwenyewe alikuwa akiiweka. Pampu ya maji ya wapishi ikaanza, kisha spika ya msomaji wa kisomo. Watu wa Kasekese walikuwa wamefika asubuhi, na yule mpwa wangu na mkewe na watoto wao kutoka Sitalike. Mara akaja mgeni mmoja mkubwa, wa gari kubwa, na msaidizi wake akatoa waya, akauliza kompyuta na simu za mkubwa zichomekwe wapi, na wapiga picha wake nao wana taa zao. Binti wa marehemu alitazama chini. Nilimwona anakusanya nguvu za kusema karibuni.

Yule mkulima mrefu wa Kasekese aliinuka kwenye mkeka. Alimsalimia mgeni kwa mikono miwili, akamwita mheshimiwa, akampa pole ya msiba na pole ya safari. Kisha akamwambia, polepole, kwa lafudhi yake ile ile: “Zamu yako itafika. Sasa hivi ni ya maji, maana wanaopika ni wengi. Karibu ukae.”

Mkubwa akakaa. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na maji yakaendelea kupanda. Binti wa marehemu akaenda kwa wapishi, na mzee akarudi kwenye mkeka wake kama mtu aliyekaa nyumbani. Nadhani huo ndio uenyeji aliokuwa akiutafuta: si kumfungulia mgeni kila mlango, bali kuwaangalia wote waliomo ndani, na kuhakikisha kila mmoja anaondoka akiwa mzima.